LIKIZO YA MFANYAKAZI BAHARINI: KUTOKA LEMON GABA HADI KISITE



Mara nyingi kurasa hizi huandika juu ya mishahara, mikataba, ajali za mashine na kufukuzwa kazi bila sababu. Hayo ndiyo mambo yetu ya kila siku na tutaendelea kuyaandika. Lakini mfanyakazi si mkono wa kushika panga la miwa au kufunga vizibo vya chupa tu. Ana macho, ana mapafu, na ana watoto watakaomwuliza dunia ikoje. Kwa hiyo safari hii tunaandika juu ya likizo, na hasa juu ya jambo ambalo wengi wetu tumezoea kulidhania kuwa ni la watalii wa Ulaya peke yao: kuvaa miwani ya kuzamia na mrija wa kupumulia, kulala kifudifudi juu ya maji ya bahari, na kuwatazama samaki, kasa na pomboo wakiwa nyumbani kwao.

Sisi tunaoandika ni wafanyakazi tisa wa mtaa wa Lemon Gaba, mjini Juba. Wako miongoni mwetu wa kiwanda cha maji ya chupa, maseremala, mafundi wa gereji na wapishi wa hoteli. Wengine ni wazaliwa wa Sudan Kusini, wengine tumetoka Uganda na Kenya kutafuta kazi. Tunaelewana kwa Kiarabu cha Juba na kwa Kiswahili. Mwezi wa Februari tulikwenda pamoja katika visiwa vya Kisite na Wasini, kusini mwa pwani ya Kenya. Tunaeleza tuliyoyaona ili wenzetu wa viwandani na mashambani wajue kwamba jambo hili linawezekana, na wajue pia gharama yake na hatari zake.

NCHI ISIYO NA PWANI

Neno gaba kwa Kiarabu cha Juba maana yake ni msitu. Mtaa wetu una jina la msitu na malimau, wala hauna habari ya bahari. Mto Nile unaopita Juba hauendi mashariki kwa Waswahili. Unakwenda kaskazini, hadi Misri na bahari ya Mediterania.

Hata hivyo, mpaka tarehe 9 Julai 2011 watu wa Juba walikuwa raia wa nchi yenye pwani. Sudan ina Bahari ya Shamu, na karibu na Port Sudan kuna fungu la matumbawe la Sanganeb, ambalo pamoja na ghuba ya Dungonab liliandikwa na UNESCO mwaka 2016 kuwa urithi wa dunia. Huko ghubani wanaishi nguva, na papa ni wengi. Mwaka 1963 Mfaransa Jacques Cousteau alijenga nyumba chini ya maji katika fungu la Sha'ab Rumi, na watu wake wakaishi humo kwa mwezi mzima. Lakini ni wafanyakazi wangapi wa Juba waliopata kuyaona maji hayo? Bahari ile ilikuwa yetu kwenye ramani. Baadaye nchi zikagawanyika, na tangu Aprili 2023 vita vya Sudan vimeifanya safari ya raha kwenda huko kuwa jambo lisilofikirika.

Tumegeukia mashariki. Mwaka 2016 Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mizigo yetu mingi, kuanzia saruji hadi unga na dawa, huteremshwa katika bandari ya Mombasa. Ikiwa gunia la unga linaweza kutoka baharini likafika Lemon Gaba, basi na mtu wa Lemon Gaba anaweza kwenda kuiona bahari hiyo.

SAFARI NA SANDUKU

Fedha tulizipata kwa sanduku. Wakenya huita chama, Watanzania huita upatu, lakini mpango ni ule ule: kila mwezi kila mtu anatoa kiasi kilichokubaliwa. Tofauti ilikuwa moja tu, kwamba hapakuwa na zamu ya kupokea. Fedha zote ziliwekwa kwa mweka hazina, na daftari likasomwa mbele ya watu wote kila mwisho wa mwezi. Ilichukua mwaka mmoja na nusu.

Njia ni ndefu. Kutoka Juba hadi mpaka wa Nimule ni kilomita 192 za lami. Baada ya hapo ni Gulu, Kampala, mpaka wa Busia, kisha Nairobi. Kutoka Nairobi tulipanda treni ya reli mpya iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017. Kwa jumla ni zaidi ya kilomita 1,600. Tulilala ndani ya basi, tukala viazi vya kuchemsha tulivyobeba wenyewe, na hakuna aliyenung'unika.

Mombasa haifai kupitwa bila kukumbuka historia yake. Mwezi Januari 1947 maelfu ya wafanyakazi wa bandari, reli, hoteli na majumbani waligoma pamoja, na chama chao kilichoongozwa na Chege Kibachia kikawa fundisho kwa Afrika Mashariki yote. Tulivuka kivuko cha Likoni pamoja na wafanyakazi wa asubuhi, waliosimama bega kwa bega wakiwa wamebeba vyakula vyao mkononi, tukawaona ni ndugu zetu hasa.

Kusini ya Likoni barabara inapita minazi na mikorosho hadi Ramisi. Hapo palikuwa na kiwanda cha sukari kilichofungwa mwaka 1988, na wakata miwa wengi wakabaki bila kazi. Miaka mingi ilipita kabla miwa haijapandwa tena katika wilaya hiyo. Mbele kidogo ndipo inapochepuka njia ya Shimoni, yapata kilomita 80 kutoka Mombasa.

Jina la Shimoni limetokana na pango kubwa lililo karibu na ufuko. Wenyeji husimulia kwamba humo walifungiwa watu waliokamatwa bara, wakisubiri majahazi ya kuwapeleka Unguja kuuzwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Tuliingia pangoni kabla ya kupanda chombo. Tunashauri kila kundi la wafanyakazi lifanye hivyo, kwa sababu waliofungiwa mle nao walikuwa wakulima na mafundi, walioporwa jasho lao pamoja na miili yao.

CHINI YA MAJI

Hifadhi ya Kisite-Mpunguti ilitangazwa rasmi mwaka 1978. Ina visiwa vinne vidogo: Kisite, Mpunguti ya Juu, Mpunguti ya Chini, na mwamba uitwao Liwe la Jahazi. Sehemu ya Kisite ina ukubwa wa kilomita za mraba 28, na humo uvuvi wote umekatazwa. Sehemu ya Mpunguti ina kilomita za mraba 11, na humo uvuvi wa asili unaruhusiwa.

Tuliondoka asubuhi kwa mashua ya injini. Februari ni wakati wa kaskazi, bahari imetulia na maji ni maangavu. Katika mkondo kati ya Shimoni na Wasini pomboo sita walitokea ubavuni mwa chombo. Nahodha, mzee wa makamo mwenye sauti ndogo, akapunguza mwendo. Mmoja wetu akamwomba awafuate. Akajibu, "Hatuwafuati, mwanangu. Pomboo avuta pumzi kama wewe, na pengine ana mtoto anyonya. Tukae hapa, akitaka atakuja mwenyewe." Hakika walikuja, wakapita chini ya mashua, tukayaona matumbo yao meupe.

Karibu na Kisite chombo kilifungwa kwenye boya, wala nanga haikutupwa, kwa kuwa nanga huvunja matumbawe. Tukapewa miwani, mirija, mapezi ya mpira ya miguuni na makoti ya kuokolea maisha. Kati ya watu tisa, waliojua kuogelea walikuwa wanne, na hao walijifunzia mtoni. Mwenzetu mmoja, dada anayefanya kazi ya upishi, alipoweka uso majini mara ya kwanza alishikwa na woga, akapiga kelele ndani ya mrija. Baharia kijana aliruka, akampa boya la mviringo alishike, akamwambia, "Dada, pumua kwa kinywa, polepole, kama unayepoza chai." Baada ya dakika tano hakutaka kutoka majini.

Yafaa kujua kwamba maji ya chumvi humwinua mtu kuliko maji ya mto. Kila kilo ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Mtu akitulia, anaelea. Anayehangaika ndiye anayechoka.

Na tuliona nini? Kwanza, matumbawe yenyewe. Kwa mbali ni kama mawe, lakini ni wanyama wadogo mno wanaoishi pamoja kwa maelfu na kujenga nyumba ya chokaa. Ndani ya miili yao kuna mimea midogo inayowapa chakula na rangi. Yako yenye umbo la pembe za swala, yako ya mviringo kama ngoma. Tumbawe la mviringo hukua kwa kiasi cha sentimita moja hivi kwa mwaka. Kwa hiyo lile lenye kimo cha mtu lilianza kujengwa kabla ya kuzaliwa babu zetu, na teke moja la mtu asiyeangalia laweza kulivunja.

Pili, samaki. Palikuwa na vitatange wa manjano wakienda wawili wawili, tewa aliyejificha chini ya mwamba na kufungua kinywa taratibu, na mkunga aliyetoa kichwa tundumoni kama nyoka. Pono walikuwa wengi, kijani na buluu. Waswahili humwambia mtu mwenye usingizi mzito kwamba analala kama pono, na kweli usiku samaki huyo hulala fofofo miambani. Lakini mchana ni mfanyakazi hodari! Tulimsikia kwa masikio yetu akigugunda mwamba kwa meno yake, kwa maana sauti husafiri vizuri majini. Anakula mimea iliyoota juu ya matumbawe, anasaga na chokaa, kisha anaitoa ikiwa mchanga. Sehemu kubwa ya mchanga mweupe unaosifiwa katika picha za hoteli imepita tumboni mwa pono.

Tatu, kasa. Alikuwa kwenye majani ya bahari, akila kama ng'ombe malishoni. Hakutukimbia. Baada ya muda akapanda juu kuvuta pumzi, akapita kati yetu, akarudi chini. Kasa huchukua miaka mingi, yapata ishirini na zaidi, kabla ya kutaga mayai kwa mara ya kwanza. Anayemwua kasa mmoja mkubwa huua kazi ya robo karne.

WAFANYAKAZI WA BAHARINI

Tulipokula wali wa nazi na samaki huko Wasini, tuliketi na mabaharia badala ya kuketi mbali nao. Tulitaka kujua habari za kazi yao, kwa kuwa raha ya mtu mmoja ni kazi ya mwingine.

Walitueleza kwamba wengi hulipwa kwa safari. Chombo kisipotoka, hakuna ujira. Kusi likivuma, katikati ya mwaka, bahari huchafuka na wageni hupungua, na kwa wengi miezi hiyo ni ya madeni. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, vyombo vilikaa ufukweni kwa miezi, na wengi wakarudi kwenye ndoano na mshipi. Hali hii vibarua wa mashamba ya chai na miwa wanaijua vizuri bila ya kuhadithiwa. Neno kibarua lina maana moja, liwe shambani au baharini.

Kuna jambo zito zaidi. Hifadhi ilipowekwa, wavuvi wa Shimoni, Wasini na Mkwiro walipoteza mahali walipovua wazazi wao. Mzee mmoja alituambia bila hasira kwamba walipewa amri kwanza, na maelezo wakapewa baadaye. Tuliwauliza vijana kama afadhali hifadhi ifutwe. Wakakataa. Walisema samaki hukua ndani ya hifadhi na kutoka nje ya mipaka, na kwamba mahali palipotumika nyavu za kukokota pamebaki jangwa. Walichodai ni fungu la haki: sehemu ya kiingilio irudi kijijini, na kazi za hifadhi zipewe wenyeji.

Dai hilo si la ndoto. Katika kisiwa cha Chumbe, Zanzibar, kilichohifadhiwa tangu mwaka 1994, walinzi walichaguliwa kutoka miongoni mwa wavuvi, wakafundishwa, wakawa walimu wa wavuvi wenzao. Wasini yenyewe kina mama wamejenga njia ya mbao juu ya mikoko na matumbawe ya kale, na mgeni hulipa kwao. Mali ikilindwa na watu wanaofaidika nayo, hailali mlinzi.

BAHARI INAPOPATA JOTO

Hifadhi huzuia nyavu, lakini haizuii joto. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipata joto lisilo la kawaida. Matumbawe yakifikiwa na joto hilo huitoa ile mimea inayowalisha, hupauka kama mfupa, na joto likidumu hufa. Sehemu kubwa ya matumbawe ya Kenya na Tanzania ilikufa mwaka huo. Mpauko ulirudi mwaka 2016, na mwezi Aprili 2024 wataalamu walitangaza kwamba dunia imo katika mpauko mkuu wa nne. Tuliona sehemu zilizokufa, kijivu, zimefunikwa na ukungu wa mimea. Tuliona pia matumbawe machanga yakiota juu ya yale yaliyokufa.

Sisi wa Juba hatuwezi kusema kwamba jambo hili halituhusu. Dunia inayochemsha bahari ndiyo hiyo hiyo iliyoleta joto la Machi 2024, shule zetu zilipofungwa nchi nzima kwa sababu ya jua. Aliyefanya kazi chini ya bati mwezi ule hahitaji kueleweshwa habari za matumbawe.

MAMBO YA KUZINGATIA

Kwa kundi litakalotaka kwenda, tunatoa mashauri haya:

1. Chagueni wakati wa kaskazi, kati ya Desemba na Machi. Ulizeni habari za maji kupwa na kujaa kabla ya kupatana siku.

2. Msipande chombo kisicho na koti la kuokolea maisha kwa kila mtu. Hili halina mjadala, hata bei ikipunguzwa kwa nusu. Tumewazika wenzetu wa kutosha kwa ajali za vyombo vya mtoni.

3. Asiyejua kuogelea aseme mapema, tena kwa sauti. Si aibu. Akae karibu na boya na awe na mwenzake.

4. Vaeni fulana majini. Jua huunguza mgongo bila mtu kuhisi.

5. Msiguse, msikanyage, msiokote. Matumbawe hukata, na baadhi ya samaki na konokono wana sumu. Kombe mnaloliokota ni nyumba ya kaa kesho.

6. Patanisheni bei na nahodha kwa jumla, na mwulize mabaharia watapata kiasi gani. Ulizeni pia kiingilio cha raia wa Afrika Mashariki, kwa maana ni tofauti na cha mgeni wa mbali.

7. Bebeni hati za kusafiria na kadi ya chanjo ya homa ya manjano.

LIKIZO NI HAKI

Mwisho, ndugu wafanyakazi, tuseme neno juu ya siku zenyewe. Kati ya sisi tisa, wawili waliambiwa kazini kwamba wakiondoka wasirudi. Ilibidi chama kiingilie kati, na barua mbili zikaandikwa, ndipo ruhusa ikapatikana. Wenzetu wengine watatu waliochangia sanduku hawakuruhusiwa kabisa, wakarudishiwa fedha zao. Hao ndio tuliowakumbuka zaidi tulipokuwa majini.

Likizo yenye malipo si zawadi ya tajiri. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa kwanza juu yake mwaka 1936, ukataja siku sita za kazi kwa mwaka. Mkataba wa mwaka 1970 ukataja majuma matatu. Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi siku zisizopungua 21 za kazi kwa kila mwaka alioutumikia. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2004 inataja siku 28 mfululizo. Sudan Kusini nayo ina Sheria ya Kazi ya mwaka 2017, na likizo ya mwaka yenye malipo imo ndani yake. Kila tawi lisomewe sehemu hiyo kwa lugha inayoeleweka, na kila mwanachama ajue siku zake kwa hesabu kama anavyojua mshahara wake.

Si lazima kila mtu aende Kisite. Ndugu wa mashamba ya mkonge ya Tanga wanaishi karibu na bahari hiyo hiyo, lakini wako wanaozeeka bila kuiona chini yake. Mwingine atapenda kwenda kwao kumwona mama yake, na hiyo ni likizo njema kuliko zote. Tunachosema ni kwamba siku hizo ni zetu, na utajiri wa nchi hizi, wa juu ya ardhi na wa chini ya maji, haukuwekwa kwa ajili ya wenye fedha nyingi peke yao.

Sanduku la pili limekwisha kufunguliwa Lemon Gaba. Safari hii jina la kwanza daftarini ni la wale watatu waliobaki, na barua za kuwaombea ruhusa zimeandikwa mapema.